Usiku wa filamu wa wanachama: picha raha, sauti mtihani

Haya, kwa wale mnaoniuliza kila siku kama kulipa ada ya chama chetu cha wanahabari hapa Zanzibar kuna faida yoyote zaidi ya kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, jibu langu ni ipo, na faida yenyewe ni usiku wa filamu. Ratiba mpya ishatoka, filamu tatu kabla ya Ramadhani, na kwa vile naona wengi mnasitasita mjiandikishe au muwache, nimeona niseme yote hapa, mazuri na maudhi, maana mie kazi yangu ni fundi sauti wa redio na nikiinyamazia ile sauti ya pale ukumbini ntakuwa natia dhambi.

Kwa asiyejua inavokwenda. Ni kwa wanachama tu, ila kila mwanachama anaruhusiwa mgeni mmoja, mgeni anatoa elfu tano mlangoni, wewe uliemaliza ada hutoi kitu. Tangazo linakuja kwa wasap, unamtumia katibu jina lako na la mgeni wako, anakujibu kwa dole gumba, basi ushaingia. Tatizo la kujiandikisha kwetu sie mnalijua wenyewe, mtu anaandika "inshallah ntakuja" halafu katibu wa watu hajui amuandike au asimuandike, matokeo yake kuna siku watu wanakaa mpaka kwenye ngazi na kuna siku viti vinatizamana. Na tangazo lenyewe linachelewa mno, linakuja kesho yake ndo filamu, wakati watu wa vyumba vya habari zamu zao zinapangwa wiki nzima kabla. Watu wanaotoa taarifa kwa umma ndo wanashindwa kupeana taarifa wao kwa wao, ajabu kweli.

Ukumbi sintoutaja kwa sababu wenyewe wanatukodisha kwa bei ya huruma na sitaki tuharibikiwe. Uko ndani ya Mji Mkongwe, ghorofani, dari refu, madirisha makubwa ya mbao, kuta za chokaa nene za zamani. Kukaa ni pazuri, viti ni vya plastiki lakini wameweka vya kutosha na mtu mzima akija anapishwa vile vya mbele vyenye mito, hilo nimelipenda.

Sasa saa. Wamepanga saa kumi na mbili jioni, na hii ndo nsioifahamu. Hapa kwetu jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hatuko Ulaya jua likae mpaka saa nne ya usiku, kwa hiyo filamu inaanza mwangaza bado unaingia madirishani, sura za watu kwenye kitambaa cha kuoneshea huzioni vizuri, ukianza kuzizoea tu magharibi hiyo inaadhiniwa, picha inasimamishwa, watu wanashuka kusali msikiti wa chini hapo, wanarudi mmoja mmoja, mwengine kapitia kahawa, na filamu inaendelea nusu ya watu washasahau yule mwanamke alikuwa analilia nini. Mie sina neno na swala, swala kwanza, neno langu ni kwa nini tuanze kabla. Na ukisema basi tuanze baada ya isha, wale wa taarifa ya saa mbili wako kazini na wale wenzetu wa shamba gari zishaanza kukatika, mtu wa Makunduchi utamwambia arudi na nini. Kwa hiyo mie napendekeza Jumamosi saa saba na nusu mchana, adhuhuri ishasaliwa, filamu nyingi ni saa moja na nusu hivi, inakwisha saa tisa, mnazungumza mpaka alasiri na kila mtu anarudi kwao na jua. Msinambie mchana hapana kiza, yale madirisha yana mbao, ukizifunga zote mle ndani humuoni hata ulokaa nae. Joto litakuwepo, kweli, lakini hata jioni lipo.

Tuje kwenye picha, maana hapa nawapa hongera yao. Projekta waliyonunua ni ya maana, kitambaa wamekivutia kwenye fremu hakina mkunjo, rangi ya ngozi za watu inatoka kama ilivyo, weusi ni weusi si kijivu kile cha ukutani tulichozoea kwenye semina. Filamu uliyowahi kuiona kwenye simu ukiwa umelala, ukija kuiona pale unagundua vitu viwili vitatu nyuma ya mtu ambavyo hukuvitambua hata kidogo. Na nadhani ndo maana watu wazima wanapenda kuja, kwao si kitu kipya, wao wamekulia mji wenye sinema. Majestic ya Vuga ilianza kama Royal, ilijengwa mwaka 1921 kwa mchoro wa John Sinclair yule yule wa majengo mengi ya mjini hapa, ikaungua miaka ya 50 ikajengwa upya ikafunguliwa 1955, ikawepo Empire, ikawepo Sultana ambayo baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Bibi zetu walikuwa na shoo zao za wanawake watupu, wanavaa wanajipamba, wanakwenda kumlilia Raj Kapoor na kurudi na nyimbo kichwani bila kujua Kihindi neno moja. Zote hizo leo hazioneshi tena, ukiitaka filamu kwenye kitambaa kikubwa unangoja ZIFF, lile tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar, ifike Ngome Kongwe mara moja kwa mwaka, na tangu tamasha lile lianze 1998 kuna watu wazima hapa mjini hawajakanyaga kwa sababu wanaona ni mambo ya wageni. Pale kwetu wanakuja. Hiyo peke yake kwangu mie ni sababu ya kulipa ada.

Sasa sauti. Nisikilizeni vizuri hapa kwa sababu ntasema kwa urefu na sitaki mtu anambie nimemuonea.

Spika ni zile zile mbili za kupigia harusi, ndefu, zimesimamishwa kulia na kushoto ya kitambaa, zinapiga besi mpaka kifua kinatikisika. Ubaya hauko kwenye spika khasa. Ubaya ni kwamba filamu nyingi za sasa sauti yake imegawiwa njia sita, kuna ya kushoto, ya kulia, ya katikati, mbili za nyuma na moja ya besi, na maneno ya waigizaji karibu yote yanawekwa kwenye ile ya katikati ili mtu popote alipokaa aone maneno yanatoka kwenye mdomo wa yule anaesema. Ukichukua faili kama hilo ukalitia kwenye laptopu inayotoa kushoto na kulia tu, na hukuiambia programu ichanganye zile sita zitoke mbili, basi ile ya katikati inapotea au inabaki kwa mbali mno, unachosikia ni muziki, milango, mvua, jogoo, na watu wanapiga midomo. Ni sawa na kutengewa pilau lenye bizari zote lakini wali umesahauliwa jikoni. Na fundi wao, kijana mzuri ana adabu, akiona watu wanalalamika hawasikii anaongeza sauti, sasa akiongeza anaongeza ule muziki na zile milango, maneno yako pale pale, bibi wa watu mstari wa mbele kaziba masikio na bado hasikii mtu anasema nini.

Kinachouma zaidi ni hichi. Filamu ya Kiswahili, imeigizwa na watu wetu, inaongea lahaja yetu, na sie tumekaa tunasoma yale maandishi ya chini ya Kiingereza ili tufahamu Kiswahili chetu wenyewe. Nilimtizama mzee mmoja pembeni yangu, alifanya kazi ya utangazaji maisha yake yote, anasoma maandishi kwa miwani miwili, moja machoni na moja kaishika mkononi.

Na dawa yake haina gharama. Programu ya VLC, ambayo ndo wanayotumia kuchezea filamu, ina pahala pa sauti, unaingia unaiambia itoe steriyo, yaani njia mbili tu, inazikunja zile njia sita zote pamoja na ile ya katikati, ni kazi ya dakika moja kabla watu hawajaingia. Au kabla ya hapo, unapomuomba mwenye filamu faili, unamwambia bwana tunataka na ile yenye steriyo, karibu kila mtengenezaji anayo kwa sababu televisheni zinamtaka hiyo hiyo. Sisi wenyewe ni chama cha watu wa redio na televisheni, mafundi wa kuchanganya sauti tumejaa tele, hakuna hata mmoja anaeitwa saa moja kabla akakaa kwenye kiti cha nyuma akasikiliza. Wanapima sauti ukumbi mtupu, mtu anasema "halo halo moja mbili" kwenye maiki, wanaridhika. Ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa ni vitu viwili, watu na nguo zao wananyonya sauti, kwa hiyo kile ulichokipima saa kumi jioni sicho kitakachosikika saa moja.

Halafu mwangwi. Kuta za chokaa, sakafu ya saruji, dari refu, kila neno linatoka mara mbili. Majumba ya sinema ya zamani yaliwekewa mapazia na vitambaa ukutani si kwa urembo tu, ni kwa sababu hiyo. Hapa kwetu hatuna haja ya kununua chochote, tuazime majamvi na mazulia, tuyaning'inize ukuta wa nyuma na pembeni, tutandike na chini pale mbele ambapo watoto wanaweza kukaa, nakuhakikishieni nusu ya matatizo inaondoka siku hiyo hiyo. Nishamwambia katibu kwa mdomo, akanambia "andika". Haya nimeandika.

Mvua ikinyesha, sina la kusema, bati ni bati, mnasubiri ipite. Umeme ukikatika wana jenereta lakini projekta yao ni ya balbu, balbu ikizimika ghafla na moto wake haikubali kuwaka mpaka ipoe, kwa hiyo jenereta ishawaka na bado mnakaa kizani mnaangaliana. Yuu-pi-es moja tu, ile betri ya akiba, ya kuishikilia projekta zile dakika mbili tatu mpaka jenereta ipokee ingemaliza maneno. Watu waliokaa miezi mitatu bila umeme kisiwa kizima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatutakiwi kufundishwa hili.

Na wanachama wenzangu, na nyinyi nina yenu. Wanahabari ndo wabaya kuliko watu wote kwenye ukumbi wa filamu. Simu hazizimwi, mtu anapokea kabisa "niko kwenye filamu, niambie, niambie", mwengine anahariri habari mwangaza wa skrini umejaa uso mzima, na mbaya zaidi wale wanaorekodi kipande cha filamu wakakitia status. Mwenye filamu katuamini katupa faili lake bure tuione sisi, ofisi ya hakimiliki iko hapa hapa mjini na tunaiandikia habari, halafu tunafanya hivo. Mlangoni wangeweka kikapu cha simu, na mwenye dharura ya kweli akae karibu na mlango. Najua halitofanyika, lakini nimesema.

Tuingie kwenye kile kinachonirudisha mie pale kila mara pamoja na yote hayo, nacho ni mazungumzo ya baada ya filamu. Taa zinawashwa, kahawa inapita, na yule alietengeneza akiwepo anakaa mbele, asipokuwepo anakaa mtu mwenye kujua. Hakuna hotuba, mwenyekiti wetu sijui kafundishwa na nani lakini ana kipaji cha kunyamaza. Na kwa vile ukumbini kuna vijana wa chuo, kuna wapiga picha, kuna watu wa magazeti, na kuna wastaafu waliokuwemo televisheni yetu tangu ilipoanza miaka ya 70, ya rangi tangu siku hiyo, wakati bara walingoja mpaka miaka ya 90 kuwa na televisheni yao, basi maswali yanayotoka pale huyapati pengine.

Mfano. Mara ya mwisho kabla ya filamu kubwa walionesha filamu fupi ya kijana mmoja mwanafunzi, kisa cha mapenzi, kijijini, kabla ya Mapinduzi. Kijana kapiga picha nzuri, kisima, minazi, mwangaza wa asubuhi, tumempigia makofi. Akanyanyuka bi mkubwa mmoja, mstaafu, kajitanda kanga yake, akapewa maiki akaikataa.

"Mwanangu, filamu yako nzuri mashaallah. Lakini nikuulize, ile ndoo."

"Shkamoo bi. Ndoo gani bi?"

"Marahaba. Ile ya buluu pale kisimani. Si umesema hii ni kabla ya Mapinduzi? Sie kisimani tukienda na debe, ukilitua hilo shingo haigeuki mpaka jioni. Hii ndoo ya plastiki na mfuniko wake yule binti kaitoa wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana wa watu akajishika kichwa, akasema bi nimekubali, debe nimelitafuta Darajani kote nimelikosa, na kutoka nyuma mzee mwengine akamjibu, "Ungekuja kwangu Kikwajuni mwanangu, nnayo mawili, nimepandia mchaichai." Wallahi wakapeana namba pale pale, na kutoka kwenye ndoo mazungumzo yakenda kwenye mambo mazito, kwamba filamu nyingi zinazopigwa visiwani kuhusu zamani zinatengenezwa na watu wasiokuwa na wa kumuuliza, kwamba vitu vya zamani vya majumbani vinauzwa kwa watalii na mahoteli halafu mtengenezaji wa hapa hapa anakosa debe, na kwamba labda chama kiweke orodha ya wazee walio tayari kusomewa hadithi kabla haijapigwa picha. Wazo limetokana na ndoo. Bi yule alipokaa akaniinamia, mie nilikuwa nyuma yake, akanambia "na sauti sijasikia hata neno moja, nimeangalia picha tu", nikamwambia bi, najua.

Kingine, kila filamu wanayoonesha inapitishwa kwanza kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kama sheria inavyotaka, kwa hiyo wale mnaoogopa kuja na mama zenu mkaona vya kuona, njooni nao tu.

Chakula kwa kifupi. Kuna bi anauza nje kwenye veranda, kachori, bajia, kashata za nazi, juisi ya ukwaju. Kachori nzuri mno. Juisi ina sukari ya kumtia mtu ugonjwa. Urojo hakuna na usiwepo, mtu na bakuli la urojo kizani ni hatari kwa jirani yake.

Nisiwasahau wenzetu wa Pemba, maana hapa chama kina deni. Wanalipa ada ile ile, kitambulisho kile kile, na filamu zote zinaoneshwa Unguja. Mwanachama wa Wete apande boti, alale mjini, alipe nauli kwenda na kurudi, aje aone filamu ya saa moja na nusu. Wanasema projekta ni moja. Sawa, projekta ni moja, lakini faili linaingia kwenye flashi, flashi inaingia mfukoni mwa mtu yeyote anaepanda boti, na Chake hakukosekani ukumbi wenye projekta ya kuazima. Ruhusa ya mwenye filamu mnaiomba mara moja kwa sehemu mbili. Hata kama picha haitokuwa kama ya kwetu, sauti haiwezi kuwa mbaya zaidi, hilo nawahakikishia.

Sasa hizo tatu zinazokuja.

Ya kwanza ni Zanzibar Soccer Queens, ya mwaka 2007, ya Florence Ayisi, mwanamama wa Cameroon, kuhusu timu ya mpira ya wanawake ya hapa kwetu, Women Fighters. Wengi mmeisikia hamjaiona. Ni filamu ya watu kusema, wachezaji wanasema, wanaowapinga wanasema, waume wanasema, na mabishano yake hayajazeeka hata siku moja, ukitaka kuhakikisha taja mpira wa wanawake pale Jaws Corner, baraza ya mabishano ya Mji Mkongwe, wakati wa kahawa. Waandishi wa michezo wa kike wamealikwa kuongoza mazungumzo na mie naona hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu nyumbani. Hii sauti yake haina makuu, mahojiano tu, itasikika.

Ya pili ndo inayonikosesha raha. Ni As Old as My Tongue, ya Andy Jones, ya 2006, kuhusu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu na unyago. Jamani. Bi Kidude katutoka Aprili 2013, tulichobaki nacho ni sauti yake. Mwanamke yule alishinda tuzo ya WOMEX, yale maonesho makubwa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, kazunguka dunia na sauti ile ya mikwaruzo, ngoma ya msondo kiunoni, sigara mkononi, na kila mtu mzima atakaekuwepo ukumbini siku hiyo aliwahi kumsikia kwa masikio yake, harusini au kwenye unyago au jukwaani Ngome Kongwe. Huwezi kuwadanganya. Mkiionesha hii kwa spika za harusi na ile ya katikati imepotea, tutamuona Bi Kidude anafungua mdomo na tutasikia zumari na makofi, na wazee wale watanyanyuka watoke, na mie ntakuwa wa mbele yao. Naomba, tena naomba hadharani, siku hiyo mafundi sauti watatu wanne wa chama tuje saa nane, tufunge majamvi, tuweke steriyo, tusikilize filamu nzima kabla ya mtu kuingia. Bure. Chai ya rangi tu.

Ya tatu ni Vuta N'Kuvute, ya Amil Shivji, 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tumeisoma skuli. Unguja ya miaka ya 50, Denge na siasa zake za kumpinga mkoloni, Yasmin aliekimbia ndoa ya mzee. Ilioneshwa tamasha la Toronto mwaka huo huo na ndo iliyopelekwa na Tanzania kugombea Oscar, haikuingia fainali lakini hata kupelekwa ilikuwa imepita miaka ishirini bila nchi kupeleka kitu. Imepigwa hapa hapa, utaona vichochoro unavyopita kila siku, utamuona na Siti Amina ambae wengi mnamjua kwa muziki. Kwa picha, hii ndo filamu ya kuionea pale ukumbini, ina kiza na rangi za taa ambazo kwenye simu ni tope tupu. Na kwa mazungumzo nawaonya mapema, wale waliosoma kitabu watakuja na kitabu, kihalisi kabisa, wana kurasa washazikunja, na watataka kujua kwa nini hiki kimetolewa na kile kimebadilishwa. Mie nimo upande wa filamu. Kitabu kipo, hakuna aliekifuta, mwenye kutengeneza filamu ana haki ya kuchukua anachokitaka. Lakini bi wa ndoo atakuwepo na nina hamu ya kujua macho yake yatatua wapi.

Kwa hiyo kama mnataka hukumu yangu: ada lipeni, mgeni mchukueni, kaeni mstari wa tatu au wa nne katikati, mbele ya hapo besi itawaumiza na nyuma ya hapo mwangwi utawameza. Mwenye nafasi ya moja tu aje ya tatu. Ya pili njooni mkisikia kwamba tumeruhusiwa kuigusa ile laptopu, ntawaambia. Majina yapelekwe kwa katibu mwisho Alkhamisi saa kumi jioni, na mgeni muandikeni jina lake kamili tafadhali, mara iliyopita orodha ya mlangoni ilikuwa na wageni watatu wote wameandikwa "shemeji" na bwana wa mlangoni akawa hajui amruhusu yupi.